Fundi amezima masasisho ya kompyuta za dukani: yabaki hivyo?

Swali: Shikamoo fundi. Nina duka la stesheneri Moshi mjini, si mbali na stendi. Tunachapa, tunaprinti, tunatoa kopi na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Nina kompyuta tatu: moja ya zamani yenye Windows 7, moja ya mezani ya mtumba yenye Windows 10, na laptopu niliyonunua dukani ikiwa mpya yenye Windows 11. Bando lilikuwa linaisha kabla ya wakati, nikamwita kijana mmoja fundi, akazima apdeti kwenye zote tatu akisema hazina kazi yoyote zaidi ya kula bando na kuifanya kompyuta iwe nzito. Kweli bando sasa linakaa. Lakini flashi za wateja zimeanza kuleta vituko, na ile ya Windows 10 inaniandikia kwamba haihudumiwi tena. Nimwamini fundi au nirudishe apdeti? Hela ya kununua kompyuta mpya kwa sasa sina.

Jibu: Marahaba, dada. Kijana wako aliona tatizo sawasawa, ila akalitibu kwa dawa ya ugonjwa mwingine. Ni kweli kwamba masasisho hula bando, na kwa duka linalotegemea intaneti ya simu hilo si jambo la kupuuzwa. Ni kweli pia kwamba kompyuta inapopakua na kusakinisha, hasa ikiwa bado inatumia diski ya zamani ya kuzunguka, huwa nzito kiasi cha kumchosha mteja aliyesimama kaunta. Hata hivyo, laptopu irudishiwe masasisho yake wiki hii hii. Ile ya Windows 10 iandikishwe kwenye huduma ya nyongeza nitakayoieleza. Na ile ya Windows 7 isiguse intaneti kamwe ikiwa bado na mfumo huo. Bando tutalilinda kwa njia nyingine, nami nitaieleza kwa kirefu kwa sababu naelewa kwamba ndiko kilio kilikoanzia.

Mfumo endeshi, yaani Windows yenyewe, ni mamilioni ya mistari ya maelekezo iliyoandikwa na binadamu, na palipoandikwa mengi kiasi hicho makosa hayakosekani. Mengi ya makosa hayo ni ya kukera tu, lakini mengine ni matundu yanayomwezesha mtu aliye mbali kuifanya kompyuta itii amri zake bila wewe kujua. Watengenezaji wakiligundua tundu huandika kiraka cha kuliziba, na viraka hivyo ndivyo vinavyokujia kama masasisho. Tangu Oktoba 2003 Microsoft imekuwa ikitoa viraka vyake kwa pamoja kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za makao yake makuu huko Redmond, Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira yao.

Sasa lipo jambo ambalo mafundi wengi hawamwelezi mteja, nalo kwangu ndilo kiini cha swali lako. Kiraka kikishatoka kinakuwa pia tangazo. Mwenye nia mbaya huchukua mfumo ulivyokuwa kabla ya kiraka na ulivyo baada yake, akavilinganisha, na tofauti atakayoiona inamwonyesha tundu lilipo na namna ya kulipitia. Kabla ya Jumanne hiyo pengine tundu lilijulikana na watu wachache. Kuanzia Jumatano liko wazi kwa kila mwenye ujuzi wa kulitafuta. Ndiyo maana kompyuta iliyozimiwa masasisho haibaki na usalama ule iliokuwa nao siku fundi alipoizima. Ndani yake hakuna kilichobadilika, lakini kila mwezi unaopita idadi ya watu wanaojua pa kuingilia inaongezeka.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa kwenye sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta kugawiana mafaili na printa kwenye mtandao. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Aprili, kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga hadharani zana ya kulitumia tundu hilo, zana ambayo asili yake inahusishwa na shirika la ujasusi la Marekani la NSA. Tarehe 12 Mei, siku 59 baada ya kiraka kutoka, programu ya WannaCry ikaanza kutambaa kutoka kompyuta hadi kompyuta, ikifunga mafaili kwa ufunguo wa siri na kudai fidia ya dola 300 za Marekani ilipwe kwa bitcoin. Katika siku chache ilifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Sehemu kubwa sana ya kompyuta zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unahudumiwa na kiraka chake kilikuwa tayari. Wenyewe tu hawakuwa wamekiweka. Wala WannaCry haikuwa ikichagua kampuni tajiri. Ilipiga hodi kwenye anwani za mtandao moja baada ya nyingine, na palipofunguka iliingia, pawe London au pengine popote.

Kwa duka kama lako, hata hivyo, hatari kubwa ya kila siku haitoki kwenye mtandao bali kwenye flashi, kwa sababu stesheneri ni mahali ambapo flashi za mji mzima hukutana. Hivyo vituko ulivyovitaja nadhani navijua. Mwanafunzi anakuletea flashi yenye ripoti yake, unaifungua, na badala ya folda zake unakuta folda zile zile zikiwa na kimshale kidogo kwenye kona ya chini kushoto, au unakuta kitu kimoja tu chenye jina la flashi yenyewe. Ukikibofya mara mbili mafaili yanaonekana kama kawaida, mteja anaprinti na kuondoka ameridhika. Lakini kile ulichokibofya hakikuwa folda, kilikuwa njia ya mkato iliyoamuru programu iliyojificha ijinakili kwenye kompyuta yako kwanza, kisha ndipo ikakufungulia folda halisi. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa itaondoka na ugonjwa huo huo, na baada ya mwezi utasikia watu wakisema, pale kwa dada ukipeleka flashi inarudi na virusi.

Mafaili ya mteja kwa kawaida hayajapotea, yamefichwa tu. Fungua dirisha jeusi la amri na, ikiwa flashi imesomeka kwa herufi E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha bonyeza ingiza. Folda halisi zitajitokeza, nawe utafuta zile zenye mshale. Ila amri hiyo inasafisha flashi tu. Kama kompyuta yenyewe imeshaambukizwa, flashi itachafuka tena kabla hujaichomoa, kwa hiyo ikaguliwe kwanza kwa Defender, programu ya kuzuia virusi inayokuja na Windows yenyewe, ukichagua ukaguzi ule unaofanyika kompyuta ikijiwasha upya kabla Windows haijaanza kazi.

Huenda ukauliza flashi inahusiana vipi na masasisho, ikiwa anayebofya ni mtu. Mwaka 2010 iligunduliwa programu haribifu iitwayo Stuxnet, iliyotumia tundu la Windows katika namna inavyoonyesha picha za njia za mkato. Hapakuwa na haja ya kubofya. Kuifungua flashi na kuziangalia tu picha hizo kulitosha kuambukizwa. Microsoft ilitoa kiraka tarehe 2 Agosti mwaka huo, nje ya ratiba ya kawaida. Tahadhari ya mpiga chapa wako, hata awe makini namna gani, isingemsaidia mbele ya tundu la aina hiyo.

Tuje kwenye kompyuta zako. Laptopu ndiyo yenye kazi ndogo kuliko zote. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi R, andika services.msc, tafuta kwenye orodha mstari wa Windows Update, na uone kama imezimwa kabisa. Ikiwa ndivyo, irudishe iwe ya kuwaka inapohitajika. Baadhi ya mafundi hutumia programu ndogo ya kuzuia masasisho, ambayo huizima tena huduma hiyo kila unapoiwasha, kwa hiyo mstari huo ukigoma kubadilika mwambie aliyeiweka aiondoe. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya masasisho, uiagize itafute. Itakuwa na deni la miezi kadhaa, lakini usiogope kwamba utapakua mwezi mmoja mmoja: kiraka cha mwezi huu hubeba ndani yake marekebisho ya miezi iliyopita ya toleo hilo hilo.

Ile ya Windows 10 ujumbe wake ni wa kweli. Mfumo huo ulitoka Julai 2015, na huduma yake ya bure ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo na wala haitazimika, lakini matundu yanayogunduliwa tangu hapo hayazibwi kwa asiyejiandikisha. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza kwa kompyuta za watu binafsi unaoendeleza viraka vya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Unaingia kwa kulipa dola 30, au bila malipo ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kupitia akaunti ya Microsoft, na akaunti moja inatosha kompyuta hadi 10. Kwa biashara na taasisi upo mpango mwingine, wa dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, ambao bei yake huongezeka mara mbili kila mwaka na unaweza kufika miaka mitatu. Kompyuta hiyo ikiwa ni mali ya duka, huo wa pili ndio unaokuhusu kwa haki, nami sitakushauri kinyume. Lakini kwa njia yoyote ile kompyuta lazima iwe kwenye toleo la mwisho, lile la 22H2. Ili kujua, bonyeza tena alama ya dirisha na R, andika winver, na usome mstari wa pili wa kidirisha kitakachotokea.

Usidanganywe na jambo moja. Defender itaendelea kuletewa orodha mpya za virusi kwenye Windows 10 mpaka Oktoba 2028, na mtu anaweza kukwambia kwamba kwa hiyo uko salama. Orodha hiyo ni kama picha za wezi anazobandikiwa mlinzi getini: inamsaidia kuwatambua wanaojulikana, lakini haizibi ukuta uliobomoka nyuma ya nyumba.

Je, kompyuta hiyo inaweza kupandishwa kwenda Windows 11? Windows 11 inadai, pamoja na kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64, kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0 na kichakato, yaani prosesa, kilicho kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel kwa jumla huanzia kizazi cha nane. Kizazi kinasomeka kwenye jina lenyewe. Ukiona i5-4570, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 4, basi ni kizazi cha nne na haimo. I5-8500 ni cha nane na imo. I5-10400, inayoanza na 10, ni cha kumi. Kompyuta nyingi za mezani za mtumba nilizozifungua hapa Arusha zilikuwa za kizazi cha tatu mpaka cha sita. Zipo mbinu za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye kompyuta ya namna hiyo, na fundi wako bila shaka anazijua, ila Microsoft haiahidi kuipa masasisho kompyuta iliyoingizwa kwa mlango huo, na utakuwa umelipa ufundi ili urudi pale pale ulipokuwa. Siku utakapopata hela ya kununua nyingine ya mtumba, muulize muuzaji namba hiyo kabla ya kuuliza ukubwa wa diski.

Windows 7 iliachwa na huduma ya bure tarehe 14 Januari 2020, na hata kivinjari cha Chrome kiliishia toleo la 109 kwenye mfumo huo mwanzoni mwa 2023. Kumjazia mtu fomu yenye namba yake ya NIDA, vyeti vyake na neno lake la siri kwenye kompyuta hiyo ni kumuweka mahali ambapo hakuchagua kuwekwa. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo haimuulizi mwenye duka kama alikuwa na hela ya kompyuta mpya. Lakini usiitupe. Mimi ningeiwekea Linux Mint, mfumo usiolipiwa, ambao matoleo yake ya namba 22 yanahudumiwa mpaka mwaka 2029, almradi kichakato kiwe cha biti 64 na kumbukumbu isipungue gigabaiti 2, ingawa kwa 4 utafanya kazi kwa raha zaidi.

Halafu ningeipa kazi moja muhimu: iwe ndiyo kompyuta ya kupokelea flashi. Programu haribifu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haiendeshwi na Linux, na zile folda bandia zenye mshale zitaonekana wazi kuwa ni vijifaili vya ajabu ajabu, huku folda halisi zikiwa pembeni yake bila kufichwa. Mpiga chapa anachukua ripoti anayoihitaji tu, anaituma kwenye kompyuta ya kuprintia, na flashi ya mteja haigusi Windows hata siku moja. Nakuonya mapema kuhusu usumbufu wake. Nyaraka za Word zikifunguliwa kwa LibreOffice, programu ya kuandikia inayotumika kwenye Linux, wakati mwingine hubadilisha mpangilio, jedwali likahama au aina ya herufi ikawa nyingine, na baadhi ya printa zitakusumbua kuzitambulisha. Ndiyo maana nasema iwe ya kupokea na kukagua, na kuprinti kufanyike kwingine. Nyaraka zinazokuomba uruhusu makro, yaani vijiprogramu vilivyomo ndani ya waraka, uzikatae, kwa sababu hatari yake hubebwa ndani ya waraka wenyewe na itaweza kuvuka kwenda Windows.

Sasa bando. Kabla ya kuyahukumu masasisho ungefanya jambo ambalo nadhani kijana hakulifanya. Katika mipangilio ya mtandao kuna ukurasa wa matumizi ya data, unaoonyesha kila programu imetumia kiasi gani kwa siku 30 zilizopita. Mara nyingi nilizoufungua ukurasa huo mbele ya mteja aliyelalamikia masasisho, aliyeongoza alikuwa kivinjari, na ndani ya kivinjari ni video zinazojiendesha zenyewe. Anayefuata huwa ni huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, inayopandisha kila picha ya pasipoti iliyohifadhiwa kwenye folda ya picha. Hizo ndizo za kuzimwa kwanza.

Kisha iambie kompyuta kwamba mtandao unaoutumia unalipiwa kwa kipimo. Ukiubofya mtandao wa simu yako kwenye orodha ya Wi-Fi na kufungua sifa zake, utakuta swichi ya jambo hilo. Ukiiwasha, Windows itaacha kupakua yenyewe sehemu kubwa ya masasisho mpaka utakapoiruhusu. Hiyo ndiyo dawa ambayo fundi wako alipaswa kukupa, kwa sababu inaahirisha bila kuzuia. Baada ya hapo chagua siku moja kwa mwezi. Ningependekeza Jumamosi inayofuata Jumanne ya pili: siku hizo chache zinatosha kwa kiraka chenye kasoro kulalamikiwa na wengine kabla hakijakufikia, lakini si nyingi kiasi cha kukuacha wazi. Jioni ya Jumamosi hiyo, ukishafunga hesabu, nunua bando la usiku kama mtandao wako unalo la bei nafuu, izime ile swichi, agiza masasisho, na asubuhi uiwashe tena. Kiraka cha mwezi kwa kawaida ni mamia ya megabaiti, na cha Windows 11 kinaweza kuzidi gigabaiti moja, kwa hiyo panga bando lako hivyo.

Ukiwa na ndugu au rafiki mwenye intaneti isiyopimwa, iwe ofisini au chuoni, ipo njia ya bei nafuu zaidi. Microsoft ina tovuti ya orodha ya viraka vyake vyote, ambamo unaweza kulipakua faili la mwezi kwa namba yake inayoanza na KB, ukalibeba kwenye flashi yako safi na kulisakinisha bila kutumia hata megabaiti moja ya kwako. Lazima faili liwe la toleo lako halisi, ndiyo maana nimekuonyesha winver. Na baadaye ukiwa na kompyuta mbili zenye mfumo na toleo moja, mipangilio ya masasisho ina sehemu ya kuziruhusu zipeane kwenye mtandao wa ndani kile ambacho moja imeshapakua.

Umeme nao una mchango wake. Niliwahi kuiua kompyuta ya mteja kwa kukosa subira: ilikaa kwenye asilimia 30 kwa zaidi ya saa nzima, nikaamini imekwama, nikashikilia kitufe cha kuzimia, na haikuwaka tena mpaka nilipopiga Windows upya usiku kucha kwa gharama yangu. Laptopu ina betri, kwa hiyo chaji ijae kabla ya kuanza. Ile ya mezani isisasishwe bila UPS, yaani kile kifaa cha betri ya akiba, au ukisasisha bila UPS basi iwe saa ambazo umeme wa mtaani kwenu haukatiki ovyo. Ruta, kama unayo, nayo ina mfumo wake unaosasishwa, na neno lake la siri la kiwandani libadilishwe.

Sitakuficha kwamba masasisho yenyewe huharibu mambo mara moja moja, na duka la kuprinti linaweza kuumia kuliko ofisi nyingine. Machi 2021 kiraka cha mwezi kilizifanya baadhi ya kompyuta zianguke na kuonyesha skrini ya bluu kila zilipotuma kazi kwa printa za baadhi ya kampuni, na Microsoft ikalazimika kutoa marekebisho ndani ya siku chache. Miezi minne baadaye, Julai 2021, mambo yakawa kinyume: likagunduliwa tundu zito katika sehemu ya Windows inayopanga foleni ya kazi za printa, na kiraka cha dharura kikatolewa hata kwa Windows 7 ambayo ilishaachwa. Anayeyakumbuka ya Machi tu atazima masasisho, na ya Julai yatamkuta mlango wazi. Printa ikigoma siku moja baada ya kusasisha, fungua historia ya masasisho, ondoa kile cha mwisho, na usubiri kinachofuata. Hata kusimamisha masasisho kwa muda kunaruhusiwa, hadi wiki tano.

Kuna swali ambalo hukuliuliza, nami nalisogelea kwa heshima: hiyo Windows 10 ilipatikanaje? Ikiwa ni ya kukraki, basi huenda aliyeiweka alilazimika kuzima Defender ili ile programu ya kuiamsha ipite, na tangu siku hiyo huna njia ya kujua ni nini kingine kilipita nayo. Mara nyingi kompyuta za mezani zilizotoka maofisini huwa na leseni yake halali tangu kiwandani, na fundi akipiga Windows upya kwa kutumia nakala iliyopakuliwa Microsoft, leseni hiyo hujitambua yenyewe. Ni kazi ya nusu siku, na ningeifanya kabla ya kuandikisha kompyuta kwenye mpango wowote.

Wapiga chapa wako wasitumie akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Watengenezee akaunti ya kawaida, na ile ya msimamizi ibaki na neno la siri unalolijua wewe peke yako. Programu haribifu ikiendeshwa kwenye akaunti ya kawaida huishia mbali zaidi na moyo wa kompyuta. Waambie pia kwamba sasisho la kweli la Windows huja kupitia mipangilio ya Windows. Tovuti ikikuambia kivinjari chako kimezeeka ubofye hapa, au ikikutaka ubonyeze alama ya dirisha na R kisha ubandike maneno iliyokupa, ifunge. Nimekuelekeza uandike maneno mawili kwenye kidirisha hicho, na umeyaandika kwa mkono wako ukijua yanafanya nini. Cha kubandika kutoka kwa usiyemjua kisiingie humo.

Nakala za kazi zako, yaani violezo vya mikataba, barua na vitabu vya hesabu, ziwe kwenye diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili tu, kwa kuwa programu za kudai fidia hufunga pia diski zinazozikuta zimechomekwa. Picha na vyeti vya wateja usivinakili. Ukishamaliza kazi yao, vifute.

Na yule kijana usimfukuze. Mwite Jumamosi hiyo, umlipe kwa kupiga Windows upya kwenye ile ya mezani na kuweka Linux Mint kwenye ile ya zamani, na kabla hajaondoka akufungulie ukurasa wa historia ya masasisho kwenye laptopu. Mstari wa juu kabisa uwe na tarehe ya mwezi huu.